Kahawa Hukaangwa kwa Sikio

Leo naanza na swali la jikoni. Kwa nini kahawa hatuikaangi wenyewe?

Karanga tunakaanga. Korosho, ufuta, mbegu za maboga, bisi za watoto, vyote tunakaanga. Binzari nyembamba ya pilau mama wa pwani huipitisha kwenye kaango kavu kabla ya kuitwanga, wala hatazami saa. Pua inamwambia basi, epua. Lakini kahawa, zao lililojenga nyumba na kusomesha watoto kuanzia Marangu hadi Mbinga, kuanzia Mbozi hadi Karagwe, tunaichuma, tunaimenya, tunaianika, tunaipeleka chama cha msingi, na hapo tunaagana nayo. Ikirudi, inarudi ndani ya kopo la dukani.

Nimewahi kukaa kwenye nyumba za vihamba kule Kilimanjaro, mibuni imesogea hadi dirishani chini ya migomba, na mgeni akiingia anakaribishwa chai. Chai ya maziwa, tamu, sina neno nayo. Kahawa iko nje kwenye vichanja inakauka. Msidhani ni ubahili. Pale kahawa ni ada ya shule na bati la nyumba, na hivyo ndivyo ilivyoingia mlimani. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema waliipanda mwishoni mwa karne ya 19, wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU, na kila kizazi cha mabwana shamba kikaja na somo lake: palilia, pogoa, pulizia dawa, chuma nyekundu tu, osha, anika. Kukaanga hakukuwemo kwenye somo, maana mnunuzi wa ng'ambo alitaka kahawa mbichi. Na alikuwa na sababu. Kahawa mbichi iliyokauka vizuri inakaa ghalani hata mwaka, inapanda meli, inavuka bahari na bado ni mali. Iliyokaangwa huanza kupoteza harufu yake ndani ya wiki chache tu.

Sababu hiyo ishike, msikilizaji, kwa maana ukiigeuza inatufaa sisi. Kama mbichi inavumilia na iliyokaangwa haivumilii, basi mahali pa kukaangia kahawa ni karibu na mdomo wa mnywaji. Yaani kwako.

Najua Wahaya wamekwisha kunikunjia uso: sisi kahawa tuliijua kabla ya mmisionari yeyote! Ni kweli tupu. Kahawa ya kutafuna ya Bukoba, ile inayochemshwa na majani yenye harufu kisha ikakaushwa, mgeni amepewa tangu enzi za wafalme, na udugu umefungwa kwayo. Lakini hiyo hutafunwa na maganda yake; kaango haimo. Kwa hiyo hata Kagera, kukaanga ni ujuzi wa kujifunza.

Wenzetu wa Ethiopia hawana tatizo hili. Mama wa nyumba huziosha punje, huzikaanga kwenye kaango bapa la chuma juu ya mkaa, mbele ya wageni wenyewe, na moshi ukianza kupanda hulipitisha kaango kwa kila aliyeketi avute harufu. Ndipo anatwanga, anachemsha kwenye jebena ya udongo, na watu wanakunywa raundi tatu. Mashine hakuna. Marekani nako, kabla ya miaka ya 1860, kahawa iliuzwa dukani ikiwa mbichi na kila nyumba ilikuwa na kaango lake. Mwaka 1864 Jabez Burns wa New York akapata hataza ya mashine ya kukaangia inayomwaga kahawa yenyewe, kisha ndugu wawili wa Pittsburgh, akina Arbuckle, wakaanza kuuza kahawa iliyokwisha kukaangwa ndani ya mifuko ya karatasi, na ujuzi ule wa jikoni ukafifia. Leo kuna Wamarekani wamerudi kibarazani na mashine ya umeme ya kutengenezea bisi, ile inayopuliza hewa ya moto, wanamimina kahawa badala ya mahindi. Inafanya kazi. Kama unanisikiliza ukiwa ughaibuni na unaitaka, tafuta inayopuliza hewa kutoka ubavuni. Yenye wavu chini iache, maana makapi yakidondokea kwenye waya wa moto yanawaka.

Sisi tuliobaki huku tuna vyombo vyetu.

Cha kwanza ni kaango zito la chuma, au kikaango cha udongo kwa aliye nacho. Uzito ndio unaotafutwa, kwa sababu chuma kizito hakipandi wala kushuka joto kwa pupa. Sufuria nyembamba ya alumini itaunguza punje upande mmoja na kuuacha upande wa pili ukiwa mbichi, halafu utasema kahawa yako mbaya. Zile fraipeni nyeusi zisizogandisha chakula usizitumie kabisa. Moto wa kahawa unazizidi, na moshi wa rangi yake si wa kuvuta.

Cha pili ni sufuria ya bisi yenye mfuniko na mpini wa kuzungusha juu. Hii ni bora kuliko wengi wanavyodhani. Mkono unazungusha, kisu cha chini kinakoroga, mfuniko unatunza joto. Kasoro yake ni kwamba huoni ndani. Baadaye nitakuambia kwa nini hilo si kasoro kubwa.

Cha tatu ndicho ninachokipenda mimi, pipa dogo la kuzungushwa juu ya jiko la mkaa. Nenda kwa fundi, Gerezani kwa walio Dar es Salaam, Kamukunji kwa walio Nairobi, au fundi bati yeyote wa mtaani kwako, ukiwa na kopo kubwa la maziwa ya unga. Mwambie atoboe katikati ya kitako na katikati ya mfuniko, apitishe nondo ya milimita sita, ncha moja aikunje iwe mpini. Ubavuni akate kidirisha cha kuingizia kahawa, chenye bawaba ya waya. Kisha matundu madogo ya msumari kila upande, membamba yasipitishe punje, yapitishe makapi na moshi. Ndani aweke vipande viwili vya bati vilivyosimama kimshazari, maana pipa likiwa laini ndani, kahawa inateleza tu chini na haijigeuzi. Fundi wa kweli ataelewa kabla hujamaliza kusema.

Mambo mawili mwangalie. Asikutengenezee kwa bati la zinki, lile la paa au la ndoo, kwa sababu zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye sumu. Na viungo avikunje au avigonge ribiti, asivilehemu kwa risasi. Lehemu za risasi huanza kuyeyuka kabla ya nyuzi 200, na kahawa inapita hapo. Kopo lenyewe ulichome kwanza tupu, nje, hadi rangi na karatasi viishe.

Vyombo basi. Wapo watu wanaojadili chombo mwezi mzima wakati kahawa yenyewe haijaingia motoni.

Zimwage punje kwenye sinia, kwenye mwanga. Toa nyeusi, toa zilizotobolewa na mdudu, toa zenye ukungu, zilizovunjika, toa vijiwe. Hii ni kazi ileile ya kuchambua mchele na ina faida ileile. Kisha pima kikombe kimoja cha chai, viwili kama kaango ni pana. Ukijaza, za chini zitaungua za juu zikiwa bado zina rangi ya majani. Mkaa uwe umeshika sawasawa, usiwe na ulimi wa moto. Kaa nje au kwenye kibaraza chenye upepo, kwa sababu moshi utakuja, na si haba. Pasha kaango, mimina, chukua mwiko. Kuanzia hapo mkono hautulii. Simu ikiita, iite.

Dakika tatu nne za mwanzo utadhani unapoteza muda. Punje mbichi ina maji, kama asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake, na moto wako wote unaishia kuyafukuza. Harufu ni ya nyasi zilizolowa, haipendezi. Halafu kijani kinafifia, manjano inaingia, na harufu inageuka kuwa ya mkate, wengine husema ya hindi la kuchoma. Hapo sukari na protini zilizomo ndani zimeanza kushikana na kuzaa rangi na harufu mpya. Ngozi nyembamba iliyokuwa imeganda kwenye punje inabanduka, makapi yanaruka kila unapokoroga. Manjano inakuwa hudhurungi. Unaanza kuona moshi.

Sasa nyamaza usikilize. Ta. Kimya. Ta, ta. Halafu inatatarika yenyewe, kwa sauti kubwa, ya wazi, kama bisi sufuriani. Ni karibu nyuzi 200 sasa. Mvuke na hewa vilivyobanwa ndani vinapasua njia ya kutokea, punje inavimba, mkunjo wa katikati unafunguka. Kabla ya mlio huu ulichonacho hakinyweki kwa mtindo wetu, ni ukakasi na majani. Kuanzia mlio huu ni kahawa. Ukiepua mlio ukiwa unapungua, utapata kahawa nyepesi, yenye uchachu mzuri na harufu ya shamba ilikotoka, na arabika ya Kilimanjaro au ya Kirinyaga inastahili kuonjwa hivyo japo mara moja. Ukingoja dakika moja mbili kwenye kimya kinachofuata, uchachu unatulia na utamu wa sukari iliyoungua unapanda. Hapo ndipo napapenda. Kimya hicho kikiisha, unakuja mlio wa pili, mwembamba, wa harakaharaka, karibu nyuzi 225. Moshi unakuwa wa buluu, mafuta yanatokeza kwenye ngozi ya punje. Ukivuka huo kwa muda mrefu, harufu ya shamba lolote lile imekwisha. Robusta na arabika zote zitakuwa na ladha moja ya kuungua. Na ukizidi tena, kahawa inashika moto. Sisemi kwa kukutisha, inashika kweli.

Ndiyo sababu nimesema mfuniko wa sufuria ya bisi si kasoro kubwa. Jicho linadanganywa. Taa ya jikoni ni ya manjano, moshi umejaa, kahawa iliyokaushwa na ganda lake haikaangiki rangi moja, na punje ya duara iliyokaa peke yake ndani ya tunda haiendi sawa na mwenzake bapa. Ukifuata rangi tu utaepua mapema leo na kuchelewa kesho. Mlio haujali taa. Bibi asiyeona vizuri anaweza kukaanga kahawa vyema kuliko kijana mwenye kipimajoto cha dijitali, mradi redio imezimwa. Ndiyo, hata hii yangu, izime.

Ukiepua, kazi haijaisha, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Punje ina moto ndani yake. Ukiiacha kwenye kaango, inaendelea kujipika, na ile hudhurungi uliyoichagua inageuka nyeusi mbele ya macho yako. Ipoe ndani ya dakika tatu nne. Wazungu huuza vyombo vya feni kwa kazi hii, na si rahisi. Sisi tuna ungo. Mimina, peta kwenye upepo, rusha, pokea. Moto unaondoka, makapi yanaondoka pamoja nao, kwa mwendo mmoja wa mikono ambao mama zetu walijifunza wakiwa wadogo. Katika vyombo vyote vya kukaangia kahawa nilivyoviona, vya kununua na vya kubuni, sijaona kinachoushinda ungo kwa kupoza.

Pima uzito ukitaka kujua ulichofanya. Kilo moja ya mbichi inatoka kama gramu 850 ukikaanga kwa wastani, inakaribia gramu 800 ukiipeleka kwenye weusi. Umepungukiwa uzito lakini chombo kimejaa zaidi, kwa sababu punje imevimba karibu mara mbili. Wauzaji wanaouza kwa kopo badala ya mizani wanalijua hilo vizuri sana.

Sasa nigeukie kijiweni, maana najua kuna mzee anacheka. Ananiambia: kijana, kahawa ya kweli ni ile ya birika, nyeusi, chungu, na kashata pembeni. Mimi kahawa ya kijiweni naipenda. Jaws Corner pale Mji Mkongwe, vijiwe vya Kariakoo, kahawa tungu ya Mombasa baada ya Magharibi, huko kuna habari za mji ambazo hata sisi watu wa redio tunazifuata. Weusi ule una hesabu yake. Muuzaji hununua kahawa ya bei anayoimudu, mara nyingi robusta au masalia yenye punje za kila aina. Ukizikaanga nyepesi kila kasoro inasema jina lake kikombeni. Ukizikaanga sana zinanyamaza zote. Weka tangawizi, weka hiliki, kashata ifute uchungu, biashara inakwenda. Kwa kahawa ile, yule muuzaji yuko sahihi.

Ninachokataa ni ile imani kwamba nyeusi ndiyo kali. Kuungua hakuongezi kafeini. Kafeini haibadiliki sana motoni. Kinachokukesha ni robusta, ambayo ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, iwe nyeusi au nyepesi. Na wanaosema kahawa ya kuchemsha lazima iwe nyeusi wawatazame wenzetu wa ng'ambo ya bahari. Saudia huikaanga hadi manjano tu, wakaichemsha na hiliki, wakanywa na tende. Mwaka 2015 UNESCO iliandika kahawa hiyo ya Kiarabu kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa jina la Saudia, Oman, Qatar na Falme za Kiarabu, kama alama ya ukarimu. Kikombe kidogo kisicho na mkono ni kilekile cha Lamu, tende ni zilezile. Rangi tu ndiyo iliyobadilika njiani.

Kahawa yako uliyoipoza usiitwange usiku uleule. Inatoa hewa nyingi mwanzoni. Ukiitia maji ya moto itafura povu na ladha itakuwa ya moshi, haijakaa. Iache kwenye chupa isiyokazwa sana hadi kesho yake, au siku mbili tatu. Twanga ya kutosha birika la siku hiyo, basi. Kinu kiwe cha kahawa peke yake, isipokuwa kama hujali pilau lako linukie kahawa. Na wanaokunywa arabika ya Rwanda au Burundi wasishangae siku wakitwanga na kukutana na harufu ya kiazi kibichi. Ni kasoro inayojulikana ya ukanda ule wa Maziwa Makuu, inahusishwa na mdudu anayetoboa tunda, na mara nyingi huijui hadi punje ipasuke kinuni. Inaweza kuwa punje moja tu. Mwaga hiyo uliyotwanga, osha mchi, endelea na nyingine.

Imebaki kupata punje. Mkulima hana shida: tenga debe lako kabla ya kupeleka mzigo chamani, twanga taratibu kwenye kinu hadi ngozi kavu ipasuke, peta, umeshapata kahawa safi. Wewe wa mjini usifunge safari kwenda kijijini kumshawishi mtu akuuzie kahawa ikiwa bado mtini. Kagera wanaita biashara hiyo butura, mwenye shida anauza matunda mabichi kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto anaumwa leo, na msimu ukifika anavuna mali ya mwingine. Wala usinunue ya magendo inayovushwa mipakani usiku. Nenda kwa mkaangaji mdogo mwenye leseni, Moshi, Bukoba, Arusha, Dar es Salaam au Nairobi, umwombe akupimie kilo moja kabla haijaingia kwenye mashine yake. Atakushangaa, kisha atakuuliza unakaangia nini, na hapo mtaongea muda mrefu. Muulize imekobolewa lini. Kabla hajafunga mfuko, ingiza mkono, chota, nusa: inuke majani makavu. Ikinuka gunia au ukungu, mrudishie.